Mkeka Uliofika Bila Jina

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka. Ilinijia tena jana, uliponionyesha lile boksi la simu. Ndani hamna simu, kuna nyuki mkavu juu ya pamba, na unataka kumpelekea meneja wa hoteli ili ashtuke, acheke, kisha aulize asali yako ya Likawage inapatikana wapi. Nilikuwa nahesabu hasara yake, na unanijua, nikihesabu nahesabu mara mbili.

Nilikuwa bado kijana, nauza mikeka ya ukili aliyosuka mama kule Kiranjeranje. Bi Somoe alikuwa amefungua nyumba ya wageni hapa mjini Masoko, vyumba vyote sakafu tupu. Nilikwenda kwake, akaniambia nirudi. Nikarudi, akaniambia nirudi tena. Nyumbani mikeka ilikuwa imefika darini, na mama alikuwa ameacha kuuliza nimeuza mingapi. Kule kuacha kuuliza ndiko kulikonitisha.

Basi nikapata akili, au nilidhani ni akili. Nikamwomba mama asuke mkeka mmoja wenye maandishi katikati: KARIBU MGENI WA BI SOMOE. Nikauviringisha, nikaushonea ndani ya kitambaa cha bafta nyeupe ili usionekane, nikaufunga utepe juu, katikati na chini. Nikaja nao mpaka stendi ya hapa, nikamkabidhi Hemedi, aliyekuwa akibeba mizigo kwa baiskeli.

"Usitaje jina langu. Wakiuliza, waambie wafungue, wataona."

Hemedi akautazama mzigo, akanitazama mimi. "Dada, una hakika?"

Nikamwambia nimekodi baiskeli, sikukodi ushauri.

Nikamtangulia kwa miguu, nikajibanza kwa mama muuza vitumbua ng'ambo ya barabara, nione wanavyofurahi. Nikaona barazani watu wengi kuliko kawaida, wamekaa wameshika tama. Nikamuuliza yule mama kuna nini.

"Hujui? Mwanawe Bi Somoe kalazwa Lindi tangu juzi, hali mbaya. Simu ya anayemuuguza haipatikani tangu alfajiri."

Hapo ndipo nilipouona mzigo wangu kwa macho ya watu wengine. Bafta nyeupe. Mafundo matatu, kama afungwavyo maiti. Na mkeka. Nikapiga kelele, lakini Hemedi alikuwa ameshafika na kushuka.

"Kimetoka wapi hiki?" Bi Somoe akauliza.

Na Hemedi, maskini, mtu mwaminifu, akajibu kama nilivyomfundisha: "Fungueni, mtaona."

Mwanangu, kilio kile usiombe kukisikia. Wanawake waliamini sanda imetangulia na maiti iko njiani. Bi Somoe alikaa pale pale mchangani. Hakulia. Alikuwa anapapasa yale mafundo, hathubutu kuyafungua. Nikavuka barabara bila kutazama, nikaukata utepe kwa meno, nikachana bafta, nikaukunjua mkeka mbele yao wote. Hakuna aliyeyasoma yale maandishi kwa sauti.

"Ni biashara, mama," nikasema. "Ni mimi, yule wa mikeka."

Bi Somoe akanigeukia. "Haya, umenipata, nakusikiliza. Taja bei."

Mimi niliyezaliwa na bei mdomoni, nikainama kuokota vipande vya bafta.

Shemeji yake akataka kunifukuza. "Mwache," Bi Somoe akasema. "Akae juu ya mkeka wake, asubiri na sisi."

Nikakaa. Simu ikawekwa katikati yetu, na kila mtu akiitazama mimi najua: ikileta habari mbaya, mji huu utasema niliileta mimi. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikazirudia. Baada ya adhuhuri ikaita. Kijana amepata fahamu, anaomba uji.

Watu waliposhukuru na kutawanyika, Bi Somoe akanivuta pembeni. "Kila nilipokuambia urudi, mwanangu alikuwa anaumwa chumba cha nyuma. Umekuja hapa mara ngapi? Hata siku moja hukuuliza habari za nyumba. Uliuliza habari za sakafu."

Mwishowe alinunua mikeka yangu, lakini baada ya msimu mzima, na kwa sharti: mikeka yote nimpelekee imekunjuliwa. Niliibeba kichwani kutoka stendi mmoja mmoja, imening'inia pande zote, sioni njia, watoto wananizomea. Sikumwomba anipunguzie sharti.

Basi boksi lako liache. Sisemi usimchekeshe mnunuzi. Mchekeshe, lakini uwe umesimama mbele yake. Nenda kwa miguu yako, piga hodi, toa shikamoo, uliza wameamkaje, na usikilize jibu mpaka mwisho. Ukiona nyuso hazina nafasi ya asali, acha kichupa kimoja, taja jina lako, uondoke. Huyo nyuki mtupe. Hujui nani katika ile hoteli amezika mtu aliyeumwa na nyuki, wala mimi sijui, na ndiyo maana sijalala vizuri.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie wanunuzi wenye afya, akupe subira ya kurudi unapoambiwa urudi, na katika kila mlango utakaogonga wenyeji wauangalie uso wako wafurahi kabla hawajaona ulichobeba. Amina.