Matanga Kwenye Uzio wa Mabati

Mama yangu alifariki Goma wakati mpaka umefungwa kwa sababu ya korona. Kutoka Mbugangari ninapoishi, upande wa pili wa mpaka, hadi kwake ni mwendo wa miguu, haufiki saa moja. Mdogo wangu alinipigia simu asubuhi akaniambia, na kufikia saa tisa alasiri alikuwa ananionyesha kaburi kwenye simu hiyohiyo. Picha ilikwama mara mbili. Nilimwambia asogee kidogo, mtandao utulie. Ndilo neno pekee nililosema mama yangu akifukiwa.

Sikulia. Nilikunja kitenge cha mteja, nikafunika cherehani, nikakaa. Kwetu mfiwa hafanyi kazi siku saba, na watu huja kukaa naye. Hawaji kufanya lolote la maana. Wanazungumzia maharage na mvua, basi, ili usibaki peke yako. Lakini kipaza sauti cha serikali kilipita kila asubuhi kikituamuru tubaki majumbani, na ndugu zangu wote walikuwa ng'ambo ya mpaka. Nilipika chai, nikasahau kuinywa.

Kesho yake mtu aligonga mabati ya uzio. Upande wa pili anaishi mjane wa Kiislamu, mkaanga sambusa. Miaka sita tulikuwa majirani wa salamu tu, tena za shingo upande. Moshi wa mafuta yake ulikuwa unaingia kwenye vitambaa vyangu, na nilimwambia hivyo, bila adabu nyingi. Naye alinijibu kwamba kelele za cherehani yangu zinamuumiza kichwa.

"Mashine yako iko kimya tangu jana," alisema. "We uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Mama yangu amekufa kule Goma. Wamemuzika jana."

Nikamsikia analia. Hakuwahi kumwona mama yangu hata siku moja. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Chetu kilianza kwa wa mbali. Nilisimama pale macho makavu, nikamsikiliza akinililia mama yangu, na niliona aibu.

"Nakuja kukaa na we," alisema.

"Hawataki watu waingie kwa wengine."

"Nitakaa huku kwangu. Nani atanikataza kukaa kwa nyumba yangu?"

Siku hiyo alikaa kutoka swala ya alasiri hadi magharibi, mgongo wake kwenye mabati, nami nikakaa upande wangu. Alisema goti lake linamuuma. Alisema vitunguu havionekani sokoni. Nilijibu ndiyo, hapana, ndiyo. Sikuhisi kitu, ila siku ya pili nilijikuta naangalia saa kabla ya alasiri. Siku ya tatu alisoma dua ndefu, nami nikaitikia amina.

"Ihangane, binti yangu," alisema, yaani nijikaze. Kisha akaingia ndani.

Siku ya nne hakuja. Nilikaa kwenye mabati hadi jua likashuka, nikimsikia anafagia, anaosha vyombo, anakohoa. Siku ya tano nikasikia mafuta yanachemka. Basi, nikajisemea, kachoka. Huruma ya watu ina siku zake. Hasira ilinipanda. Tangu ile simu, ukiacha ile aibu, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichohisi, na kwa kweli kilinipa nafuu. Nilivua kiatu nikagonga mabati nacho.

"Si ulisema utakaa na mi? Kama umechoka, sema tu."

"Nimechoka nini? Matanga iliisha. Siku tatu, si ndiyo?"

"Kwenu ni tatu. Kwetu ni saba."

Nikamsikia anaweka mwiko chini.

"Saba," alirudia. "Donc, kumbe mi nilikuwa nashangaa bure kwa nini mashine bado iko kimya. Nikasema labda umekosa uzi."

Nikamsikia anaepua karai na kuburuta kitu cha kukalia. Hakuomba msamaha, nami sikuomba. Tulirudi kwenye goti lake.

Siku ya saba nilimweleza kwamba kwetu siku hiyo watu hunawa. Ndugu mmoja humimina maji kwenye mikono ya mfiwa, kisha anatangaza kwamba msiba umekwisha na kazi zianze. Nilimweleza ili ajue kwamba mimi sitanawa. Ndugu upande huu wa mpaka sikuwa naye. Niliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya vifungo.

"Pale chini mabati imeoza," alisema. "Iko tundu. Leta mikono."

"Mama, acha tu."

"Leta."

Nilichuchumaa. Mdomo wa birika lake, lile la kutawadhia, ulitokeza kwenye tundu, na maji yakaanza kuniangukia viganjani. Alikuwa ameyapasha moto.

"Sasa wanasema nini?" aliuliza.

"Anayesema ni mutu wa familia."

"Bon, sawa. Leo familia ni mi." Aliendelea kumimina. "Musiba imeisha. Mutoto wetu arudie kazi yake."

Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti kubwa, nimechuchumaa kwenye tope. Hakuniambia ninyamaze. Alimimina hadi maji yakaisha, kisha akaniambia nisiondoke, anaenda kujaza tena.