Daktari wa Maiti

Nilipokuwa nasomea uzamili wa patholojia, uchunguzi wa magonjwa kwenye maiti na vinyama vya mwili, nilikaa mtaani Segerea kwa mama mdogo aliyenilea. Majirani waliniita daktari wa maiti, naye mama alicheka nao. Nilimweleza kwamba tunapima hata vinyama vinavyokatwa kwa watu walio hai ili ugonjwa ujulikane mapema. Hakuamini.

Alipoota uvimbe kwenye titi alinificha, akawa anakunywa mitishamba. Siku aliponionyesha, ulikuwa umeshapasuka.

“Mama, mbona hukuniambia?”

“Niliogopa, mwanangu. Nilijua nyie mnapima waliokwisha kufa.”

Nilimpeleka hospitali, akakatwa kinyama; nilikiangalia mwenyewe kwenye hadubini, nikaiona saratani. Tulimzika kabla sijahitimu.

Msibani jirani mmoja alisema kwa sauti, “Daktari anaye ndani, na bado kafa!”

Nilikwenda uani kuosha masufuria.