Mama Mkwe Nyuma ya Kitenge

Shemeji yangu Gharibu alikuwa dereva wa Mzee Omary, mwenye duka pale Kasulu, na ukimwambia kwamba udereva ni kushika usukani tu, alikununia wiki nzima. Wazee wa Mzee Omary walitoka pwani. Kwa hamu ya bahari ambayo yeye mwenyewe alisimuliwa tu, alijenga nyumba ndogo ya bati ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mbele kidogo ya Ujiji, akawa anaipangisha kwa watu wa likizo: walimu, waganga, mapadri, na Wazungu wa miradi. Gharibu aliwachukua kwa Landrova, akawafikisha ziwani, na kila asubuhi akawatembeza.

Mara nyingine nilikwenda kumsaidia dada yangu kuwapikia hao wageni, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Leo Uvinza kuona chumvi inavyochemshwa, kesho Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu na mitaa ya zamani, keshokutwa kwa boti hadi Gombe kutazama sokwe. Gharibu alizaliwa Murungu, Kibondo, akaanza kazi kama utingo wa lori la tumbaku. Hakuwa na elimu kubwa wala hakujidai nayo. Alichokuwa nacho ni mdomo. Mgeni akisinzia njiani, Gharibu alisimamisha gari, akazima injini, akakunja mikono kumngoja aamke.

"Akalale kwao, shemeji," aliniambia. "Hapa tumekuja kutazama."

Alipomwoa dada yangu, dada akabadili dini akawa Adija, na mama yetu, Theodosia wa Munanila, akakasirika mpaka akachoka. Lakini hata angempenda Gharibu siku ya kwanza, isingebadili kitu. Kwetu Waha, wa rika la mama hasa, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, na majina hawatajani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mwenziwe apite. Gharibu alimjua mama kwa mgongo na kwa kikohozi.

Nyuma ya nyumba yetu Munanila, asubuhi za kiangazi, huonekana mstari mweupe chini kabisa upande wa machweo. Baba alisema ni ziwa. Mama alisema ni ukungu, na kwamba baba anajifanya ametembea. Walibishana hivyo maisha yao yote, baba akafa bila wa kuwaamua. Halafu jicho la kushoto la mama likafungwa na mtoto wa jicho, na la kulia likaanza kufifia. Hapo ndipo alipotamka kwamba anataka kwenda kuliona hilo ziwa kabla hajawa kipofu. Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba vitu.

Basi lilikuwepo, lakini liliishia Kigoma mjini, na kutoka pale mpaka ufukweni kulihitaji miguu ambayo mama hakuwa nayo tena. Lilibaki gari la Mzee Omary, na dereva wake ni mkwe. Adija alipompelekea mumewe habari hizo, Gharibu alijibu neno moja tu, "Atakwenda." Kwanza petroli ikaadimika. Kisha gari likaazimwa kuhamishia watu kwenye vijiji vipya. Kisha mvua zikala barabara. Mwaka ukapita mama akingoja, na kila tulipomuuliza jicho linaendeleaje alisema haliko vibaya.

Siku ilipofika, kiangazi, Landrova iliingia uwanjani kwetu nikacheka. Gharibu alikuwa ametundika kitenge cha Adija nyuma ya kiti chake, kimefungwa kwenye vyuma vya turubai kutoka upande huu hadi ule, na kioo cha kutazamia nyuma amekigeuza kikaangalia juu. Mama alipokuwa anapandishwa, yeye alisimama nyuma ya jiko, uso kwenye migomba. Adija alibaki, mimba ilikuwa kubwa. Nikaketi mimi na mama nyuma ya kitenge.

Nilidhani tungesafiri kimya. Wapi.

"Shemeji Winifrida," Gharibu akasema tulipofika Kalinzi, "mwambie mgeni kulia kwake ni kahawa, shamba baada ya shamba."

"Mama, dereva anasema kulia ni kahawa."

"Mwambie dereva nimeiona."

"Shemeji, anasema ameiona."

Walikuwa hawajaachana hata urefu wa mkono, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kuliko nilivyowasikia mimi. Nilijiona mjinga, lakini ndivyo heshima inavyotaka, nikaendelea kupokea huku na kupeleka kule.

Kuna kona ambapo unateremka na ziwa linafunguka lote kwa mara moja. Wageni wote hunyamaza pale. Gharibu akasimamisha gari.

"Nakwenda kutazama tairi," akasema, akashuka, akapita tairi zote nne, akatokomea vichakani ili mama awe huru.

Nikafunua kitenge. Mama akajiweka sawa, akajifunga kilemba upya, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni kuzuri," akasema.

Alikuwa ameelekea jabali lililoko kushoto mwa barabara.

Nilimshika kidevu kumgeuza, kisha nikamwachia. "Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za kwanza." Akanibana kifundo cha mkono. "Usimwambie. Amehangaika mno kwa ajili yangu."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Niliikasirikia petroli, na mvua, na wageni wote waliosinzia ndani ya gari lile na macho yao mazima. Nilimkasirikia na mama pia. Gharibu aliporudi alikuta kitenge kimeshuka, akaondoa gari.

Ufukweni nilimweka mama kwenye kigoda, miguu majini. Gharibu alirudi nyuma yake hatua chache, akageuka, akampa mgongo kama inavyompasa.

"Muulize dereva, ng'ambo kuna nini?" mama akasema.

"Milima ya Zaire," Gharibu akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Muulize, maji yana rangi gani?"

Safari hii hakujibu. Nilimwona mabega yakishuka polepole. Mtu mwenye macho haulizi rangi ya maji yaliyo mbele yake, na yeye alikuwa ametembeza watu wengi.

Kisha akaanza. Alikuwa ameelekea boneti ya Landrova, na akalitoa ziwa lote kichwani.

"Shemeji, mwambie hapo miguuni maji hayana rangi, mchanga unaonekana. Mbele kidogo ni kijani, kama jani la mgomba linalochipuka. Halafu yanakuwa mazito, bluu, mpaka..."

"Mama, anasema hapo miguuni..."

"Nyamaza, Winifrida," mama akasema. "Namsikia mwenyewe."

Gharibu akaendelea. Alimpa mama wanawake wanaoanika dagaa na kunguru wanaofukuzwa, alimpa milima ya ng'ambo ilivyolaliwa na mawingu, alimpa mtumbwi wenye watu wawili, mmoja anapiga kasia, mwingine anajikuna. Mtumbwi haukuwepo. Sikumsahihisha.

Alipomaliza, mama alikaa akichezesha vidole vya miguu majini.

"Gharibu," akasema.

Hakuwahi kulitaja jina hilo. Shemeji alishtuka lakini hakugeuka.

"Naam, mama."

"Ule mstari mweupe wa nyuma ya nyumba yangu. Ni ziwa, au ni ukungu?"

"Ni ziwa, mama. Miguu yako imo ndani yake."

"Basi mzee wangu alisema kweli," mama akasema, akaanza kulia. Na Gharibu naye akalia, kila mmoja amempa mwenziwe mgongo.