Anayesimulia Hasuki

Ipo alasiri moja ninayoikumbuka kila nikikasirika, mwanangu, na leo nimekasirika. Weka simu chini. Nimesema weka chini, siyo uigeuze kifudifudi ukidhani bibi yako haoni. Keti hapo mkekani unisikilize, maana gari la Kipatimu linaondoka saa saba mchana, na kabla halijaondoka nataka uwe umeelewa ulichokifanya.

Jana ulikuwa unacheka peke yako hapa uani. Nikakuuliza unacheka nini, ukanichezea sauti yako mwenyewe, ile uliyoituma juzi kwenye kundi lenu la wasapu. Astaghfirullah! Watu arobaini mmo humo, mnajadili katuni ya Binti wa Visiwa, eti imetengenezwa upya, eti sehemu mpya zimetoka na zote zimeharibiwa. "Bibi, wamezingua kinoma," ukaniambia. "Ile ya zamani binti hakuwa na baba. Hii mpya wamemletea baba anayemwandikia barua."

Haya, hayo ni mambo yenu. Mashabiki hubishana, hata wa mpira hubishana mpaka chai ikapoa. Lakini Nasra, mtoto wa watu aliyetoka Kipatimu akaja kusoma hapa Kivinje kwa shangazi yake, aliandika kwamba barua ile imemliza. Basi! Hakumtukana mtu, hakuomba kitu. Na wewe, Salma, mjukuu wangu niliyekulea kwa mikono hii, ukamjibu mbele ya wote arobaini: "Unamlilia baba wa kwenye katuni kwa sababu wa kwako hakutaki."

Halafu ukacheka. Sauti yenyewe inaishia kwenye kicheko chako.

Nasra ametoka kwenye kundi. Shule hajaonekana tangu siku hiyo, na huu ni mwaka wake wa mtihani. Leo asubuhi nimekutana na shangazi yake gengeni. Yule mama hunipa shikamoo kutoka mbali, na leo shikamoo yake ilitoka kwa shida. Akasema, "Bi Mwanahawa, mtoto amefunga begi. Anarudi kwao kwa gari la leo, shule hataki tena." Nikaacha nyanya zangu palepale mezani, nikarudi nyumbani mikono mitupu kwa aibu.

Sasa usidhani ninakukaripia kwa kuwa mimi nilikuwa malaika. Nilifanya hilohilo, kwa katuni hiyohiyo. Ndiyo, hiyohiyo, usinitolee macho. Ninyi mnadhani dunia ilianza siku mliyonunuliwa simu.

Nilikuwa na miaka kumi na nne. Televisheni tuliyoijua mjini hapa ilikuwa moja, ya mfanyabiashara wa ng'onda, wale samaki wakavu. Ndugu zake wa Maskati walimletea deki na kanda za video. Kila Ijumaa baada ya sala aliwasha jenereta, watoto wa jamaa zake wakaingia kutazama, na sisi wengine tukabaki nje kusikiliza mngurumo. Ila rafiki yangu Somoe alikuwa na bahati. Mama yake alifua nguo katika nyumba ile, kwa hiyo Somoe aliruhusiwa kukaa kizingitini akatazama.

Siku nyingine, alasiri, wasichana tulikutana uani kwa Bi Fatu, mwalimu wetu wa kusuka ukili. Tulichana miyaa, majani ya kusukia mikeka, tukaitia rangi, tukailoweka kwenye beseni ili ilainike, kisha kila mmoja akasuka ukanda wake. Mwisho Bi Fatu alizishona kanda zote pamoja zikawa mkeka. Kila msichana alikuwa na fungu lake, pima tano kwa wiki, na Bi Fatu hakuwa na mchezo: ukipunguza hata shibiri moja utalisikia jina lako mpaka sokoni. Lakini uani pale palikuwa na kanuni moja ambayo sikupata kuiona kwingine. Anayesimulia hasuki. Mikono yake inapumzika, mdomo ndio unaofanya kazi, na fungu lake tunamsukia sisi tunaosikiliza.

Somoe hakusuka miezi mitatu.

Loo, mtoto yule alijua kusimulia! Alitusimulia Binti wa Visiwa na ngedere wake mwenye sikio moja, kisiwa baada ya kisiwa. Baba yake binti, akasema Somoe, alitekwa na maharamia, na kila kisiwa ambacho binti alikifikia alikuta barua ya baba chini ya jiwe: "Mwanangu, vumilia. Nipo njiani." Somoe akifika kwenye barua sauti yake ilishuka, na mikono yetu ikasimama yenyewe mpaka Bi Fatu akohoe. Kesho yake tulibishana njia nzima kwenda kisimani: baba atafika lini, ngedere ni mwaminifu au msaliti. Hata sisi tulikuwa na kundi letu, mwanangu, ila tulionana nyuso.

Katuni yenyewe ilisema Kiarabu. Sisi Kiarabu chetu kilikuwa cha kusomea msahafu, tunakitamka bila kukielewa, na Somoe alikuwa hivyohivyo. Sikuwahi kujiuliza alielewaje.

Na lazima ujue jambo moja, ambalo mji mzima ulilijua. Baba yake Somoe alikwenda Unguja kuuza ng'onda, akaoa huko, hakurudi. Hata salamu hakuleta.

Basi akaja binamu yangu mmoja aliyekulia Maskati. Akaalikwa kwa yule mfanyabiashara, akanichukua na mimi, nikakaa ndani, juu ya zulia, siyo kizingitini. Nikamwomba anifasirie. Kumbe! Baba wa binti alikufa tangu kanda ya kwanza. Zile zilizokuwa chini ya mawe hazikuwa barua, zilikuwa ramani za wezi waliokuwa wakitafuta dhahabu. Nilitoka mle kichwa kimenivimba. Na nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu: nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kumsukia Somoe. Nilikuwa nimechoka kuona wenzangu wanamkodolea macho yeye.

Kesho yake uani, Somoe akafika kisiwa kingine, binti akainua jiwe. Nikamkata.

"Muongo! Baba yake amekufa zamani. Hakuna barua, ni ramani za wezi, nimeona kwa macho yangu na nimefasiriwa. Huyu anatutungia. Anatunga baba kwa sababu wake amemkimbia."

Wasichana wawili wakacheka. Mimi nikacheka nao.

Somoe hakulia. Alinyoosha mkono akachukua miyaa kwenye beseni, akaikung'uta maji, akaanza kusuka. Miezi mitatu hakuwa ameigusa, na vidole vilikuwa vizito. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Anayesimulia hasuki, na Somoe alikuwa anasuka. Alisuka shibiri tatu, akauweka chini ule ukanda, akaaga kwa adabu, akaenda kwao.

Bi Fatu akawatoa wengine, akanibakiza.

"Mwanahawa, umesema kweli?"

"Ndiyo, Bi. Wallahi nimesema kweli."

"Nani alikuuliza?"

Nikakumbuka kwamba msema kweli mpenzi wa Mungu, nikamwambia hivyo, nikidhani nimemweza. Wacha we! Yule mama alinisogelea nikadhani ananipiga.

"Usimtie Mungu kwenye husuda yako," akasema. "Unadhani mimi mjinga? Unadhani sijui Somoe hajui Kiarabu? Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama yake alijua. Kila alasiri mtoto yule alikaa hapa akawa na baba, saa moja tu, halafu akarudi kwenye nyumba isiyo na baba. Mimi nilimpa saa hiyo. Ninyi mlimpa, kwa kumsukia. Leo wewe umemzika yule baba mbele ya watu, ukacheka. Nenda kamwombe radhi kabla jua halijazama."

Sikwenda. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, mwanangu. Kuropoka, mtu huropoka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi kwa kuwa walijua ulimi hujikwaa. Lakini mimi nilikuwa na alasiri nzima, nyumba ya Somoe ilikuwa hatua mia kutoka kwetu, na nikakaa. Nikasema kesho. Kesho nikasema atasahau. Kwani nimedanganya? Nikawa najiambia hivyo huku nikipita njia ya mbali nisikutane naye. Haikupita wiki mbili mama yake akapanga mizigo, wakahamia Rondo kwa wajomba.

Bi Fatu hakunigombeza tena. Alinipa fungu la Somoe juu ya langu, pima kumi kwa wiki, mwaka mzima. Na uani hakuna aliyesimulia tena, nani angethubutu na mimi nimekaa pale? Tulisuka kimya.

Miaka saba ikapita ndipo nilipokwenda Rondo, tayari nina mama yako mgongoni. Nilimkuta Somoe anaanika korosho. Alinikumbatia, alinichinjia kuku, aliniuliza habari za kila mtu hapa Kivinje kwa jina lake. Nikamwomba radhi nikilia. Akasema, "Mwanahawa, nilikusamehe siku nyingi," na najua alinisamehe kweli. Jioni ile mwanawe mdogo akawa analia usingizi, akamwambia mama yake, "Mama, hadithi." Somoe akampigapiga mgongoni.

"Mimi sijui hadithi, mwanangu. Lala."

Akaona ninamtazama, akainama kufukuza inzi. Radhi nilipata, ila hadithi za Somoe hazikurudi. Majuto ni mjukuu, walisema, na mimi nimeishi na majuto hayo kabla hata wewe hujazaliwa.

Sasa nikwambie kilichonitoa usingizini leo. Jana jioni ulipokwenda kuoga nilimwomba mama yako anifungulie hiyo sehemu mpya mnayoitukana. Nimeitazama yote, kwa miwani. Ngedere amekuwa mzuri kupita kiasi, hilo nakubaliana nanyi. Lakini binti akainua jiwe, akakuta barua ya baba yake. Maneno si yaleyale, ila baba ni yuleyule. Watu wazima huko ng'ambo, wenye akili zao na mashine zao, wamekaa miaka yote hii ndipo wakaona kwamba hadithi ile inataka baba. Somoe aliliona hilo akiwa na miaka kumi na nne, amekaa kizingitini kwa watu, haelewi hata neno moja! Na mimi nikamwita muongo. Nikalia jana, ndiyo. Nimcheke nani sasa, nijicheke mwenyewe? Nitumie sauti kwenye kundi lenu kwamba namlilia baba wa katuni?

Inuka kidogo. Tazama ukingo wa huo mkeka uliokalia. Unaona ule ukanda mfupi, ulioungwa, uliokaza upande mmoja na kulegea upande mwingine? Ndizo shibiri tatu za Somoe. Bi Fatu alizitunza, akazishona ukingoni, akanipa mkeka huu siku ya harusi yangu. Umekua juu ya mkeka huu, na hukuwahi kuuliza.

Nasaha yangu sitaizungusha. Bishana na hadithi, mwanangu, usimguse anayeipenda. Sema katuni imeharibiwa, mtukane ngedere ukipenda, mimi mwenyewe nitakusaidia. Lakini ukikijua kidonda cha mwenzio, usikitafutie neno la kukitonesha, hata neno hilo likiwa kweli. Hasa likiwa kweli. Na ukishakosa, usiseme kesho. Msamaha wa baada ya miaka saba ni msamaha, Mungu anaupokea, lakini kuna kitu hukirudishi. Nasra bado hajapanda gari. Wewe una saa moja na nusu ambayo mimi niliichezea.

Kwa hiyo utakwenda kituoni kwa miguu yako. Mkishamalizana, na yeye akikubali, ndipo utakapoishika hiyo simu: umemwaibisha mbele ya watu arobaini, utamwomba radhi mbele ya haohao arobaini, na usitie kicheko mwishoni.

Mungu akupe ulimi mzito kwenye aibu za watu na mwepesi kwenye kuomba radhi. Akupe wenzio wa kukusukia fungu lako siku mikono yako ikichoka, na akujaalie uwasukie lao. Akuepushe na uzee wa kukumbuka kama huu wangu. Amin, amin.

Haya, jitande kanga uende. Na ukimkuta Nasra usianze kujitetea, usimwambie ulikuwa unatania. Mwombe radhi, kisha mwambie hukuielewa ile barua, akusimulie tangu mwanzo. Na wakati anasimulia, begi lake libebe wewe.