Nimefuta Picha za Mzee, na Simu Yake Husoma Kila Kitu kwa Sauti

Admin, nifiche kabisa. Usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Nina miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, niko Nakuru. Mwaka wa sita huu nafanya kazi kwa studio ya picha ya mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa hapa hapa. Mzee macho yamemwisha, anaona mwanga na vivuli tu. "Huyu ndiye macho yangu," huwaambia wateja akinionyesha, na zamani nilikuwa nikisikia raha.

Kabla hajafikia hapo, alikaa miaka miwili akipitisha negativu zote za studio kwenye skana, boksi baada ya boksi, mpaka yakatimia maboksi mia moja na kumi na mbili. Baadaye mvua ilipita kwa paa, zile negativu zikaoza, tukazichoma. Picha zikabaki kwenye kompyuta na kwenye akiba ya mtandaoni, zimepangwa kwa namba za maboksi yale yale. Watu hutoka Salgaa, Keringet, hadi Kamere, wakitafuta sura ya mama au baba ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Wengine hawana picha nyingine yoyote.

Wiki tatu zilizopita kompyuta ilianza kulalamika imejaa. Nikakuta folda mbili za ile akiba, jina ni lile lile, ila moja ina namba kwenye mabano. Nikazifungua zote, nikaona maboksi ya juu yanafanana. Sikushuka hadi chini. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini wateja watatu wa picha za pasipoti walikuwa wananingoja. Nikafuta ile yenye mabano, nikamwaga na takataka ya kompyuta, kisha nikajipongeza kwa chai.

Jumanne akaja baba mmoja kutoka Keringet. Mke wake amefariki, anazikwa Jumamosi.

"Huyo mama alikuwa anakataa kupigwa picha," akaniambia. "Ni hapa tu, siku moja, tukiwa tumeoana juzi juzi. Nitafutie hiyo, madam. Wajukuu hawajui alikuwa anakaa aje akiwa msichana."

Nikafungua folda. Maboksi yanaishia arobaini. Nikatafuta kwenye tableti ya studio, hakuna. Nikamdanganya kwamba mtandao umepotea, nitampigia.

Nilimpigia binamu yangu anayejua kompyuta. "Ai, wewe!" akasema. "Hiyo umebakisha ni ya kitambo, iliacha kuunganishwa zamani. Ile ulifuta ndiyo ilikuwa inashikana na cloud. Ukifuta kwa mashine, inafutika kila mahali. Ungetoa account kwanza, uone ni gani iko live, ndio ufute." Nikaanza kulia. "Tulia bana. Cloud iko na trash yake, hukaa siku thelathini. Ingia kwa website uzirudishe." Nikahesabu, zimebaki siku nane.

Jana asubuhi nikaingia. Neno la siri ninalo. Lakini ikaandika kwamba imetuma namba kwa simu ya mwenye akaunti.

Sasa mjue jambo moja. Kwa sababu Mzee haoni, simu yake humsomea kila kitu kwa sauti kubwa, na haitoki kwa mfuko wa shati. Ilitangaza zile namba sita, moja moja, studio nzima ikasikia. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kibodi. Mzee akageuza uso upande wangu.

"Nani anataka code yangu?"

Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Nikasema, "Ni matapeli, Mzee. Siku hizi wamezidi."

"Asante Mungu niko na wewe," akasema. Papo hapo akampigia mwanawe Nairobi. Kijana anakuja kesho saa sita kuifunga hiyo akaunti na kufungua nyingine, matapeli wasiipate. Nilimsikia akiuliza kama picha ziko salama. Mzee akamjibu, "Ziko zote kwa computer. Huyu msichana wangu anaziangalia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua ni fupi hivi. Uongo wangu mwenyewe ndio umemwita mtu wa kufunga mlango uliobaki. Siwezi kuomba namba tena, simu itaitangaza na Mzee atashtuka. Baba wa Keringet amepiga mara tatu leo na sijashika. Kazi nitapata nyingine, hata ya kufua. Ninachoogopa ni ule uso wa Mzee, asiyeweza tena kuskani hata picha moja, akiambiwa miaka yake miwili imepotea mikononi mwa macho yake.

Na kuna hili, Admin. Mzee ni mfuasi wa page yako. Kila siku saa nne, na chai yake ya tangawizi, simu humsomea kisa chako kipya, nami huketi hapo tukicheka inavyotamka Kiswahili. Yeye huwashauri watu wako kana kwamba wamekaa mbele yake. Juzi mama mmoja aliandika siri aliyomficha mumewe, na Mzee akaiambia simu, "Si useme tu, mama? Utakufa na hiyo kitu kwa roho?"

Ukiweka hii leo jioni, kesho saa nne itasomwa mezani petu, jina lifichwe lisifichwe. Ndugu zangu, niambieni: nimwambie mwenyewe kabla chai haijachemka, au niketi mbele yake nisubiri simu imwambie?