Lenzi ya Kazi na Lenzi ya Roho

Mpigapicha wa pasipoti na harusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheka Kidogo kwa jinsi alivyowasumbua wateja watabasamu, alikuwa na siri: kuharibika kwa lenzi yake kulimfurahisha. Miaka yote aliitamani ile ndefu, ya kumvuta ndege aliye juu ya mnara hadi umhesabu manyoya. Mkewe hakutaka kuisikia. Ndege hawalipi, alisema. Nunua fupi ya kupigia nyuso, ndizo zinazotulisha. Maneno yake yalikuwa na mashiko, ndiyo maana yaliudhi.

Lenzi ya zamani ilikuwa imeota kuvu, au ndivyo alivyoapa. Kila akichungulia aliona doa la kijivu katikati, pale pale penye uso wa mtu. Picha zenyewe zilitoka safi, na mkewe hakuchoka kulitaja hilo. Yeye akajibu kwamba kuvu huanza polepole. Alikuwa mbishi, jamani, na tamaa ilimtia pamba masikioni.

Basi wakaenda duka la kamera, mke akimfuata nyuma asije akapotezwa na roho yake. Muuzaji akamfungia kwenye kamera lenzi fupi, mpya kabisa, bado inanukia boksi. Cheka Kidogo akafumba jicho la kushoto kama alivyofanya tangu ujana, akachungulia kwa la kulia. Doa lilikuwepo. Akaomba ndefu. Likawepo tena, limemfunika uso mkewe aliyesimama dirishani.

Akaishusha kamera taratibu, jicho la kushoto bado amelifumba. Mkewe alikuwa na gauni, mkoba, mikono miwili. Uso hakuwa nao.

Akafumba la kulia, akafumbua la kushoto. Uso ukarudi, naye akataka kushukuru, mpaka alipoona pembeni mwa mdomo wa mkewe kitu chembamba cha kijivu, kama moshi unaoanza. Kumbe macho yake mawili yalikuwa yakisitiriana ugonjwa siku zote hizo.

Muuzaji akauliza amfungashie ipi. Mke aliiona sura ya mumewe ilivyobadilika, akadhani ni tamaa ile ile, moyo ukamlainika.

"Chukua hiyo ndefu, baba watoto," alisema. "Tutajibana."

Mume akaiweka kamera juu ya kaunta, akaisukuma mbali.

"Sogea hapa penye mwanga," alimwambia. "Nataka kukutazama."