Dakika Moja ya Kimya kwa Mume Wangu Aliye Hai

Mume wangu alivaa jezi ya timu ya taifa mara mbili, na mara zote mbili ni mimi niliyeifua. Nasema hivyo mapema ili mtu asifikiri nababaisha mambo ya mpira. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mpira nimeuona kwa macho yangu tangu wakati ule timu ya shamba la mkonge inacheza peku na mimi nauza mihogo ya kuchemsha nyuma ya goli.

Mjukuu wangu wa kwanza ndiye anayeshika maikrofoni kwenye harusi, mazishi na mashindano hapa Voi. Sauti yake inajaza uwanja hata umeme ukipotea. Hiyo sauti ameitoa kwangu. Mwaka jana, kabla ya fainali ya mashindano ya wadi, alitaka kuwasomea watu timu ya taifa ya nyakati zote, wachezaji kumi na mmoja, waliokufa na walio hai, bora kabisa tangu nchi ianze kucheza. Akawa anakuja jikoni kwetu tumsaidie kuchagua.

"Golikipa nani, Babu?"

"Yule mwenye mikono mirefu," Mzee akasema. "Alikuwa anadaka mpira kama mtu anayechuma papai."

"Si alikuwa na kitambi?"

"Kwani mpira unapita kwenye kitambi?"

Mimi nilisema namba tisa apewe yule kijana wa juzijuzi aliyecheza Ulaya. Mzee akanitazama kama nimemwaga mchuzi.

"Huyo akipulizwa anaanguka."

"Anaangukia ndani ya boksi," nikamwambia. "Hata kuanguka kuna mahali pake."

Tulipofika namba tatu, beki wa kushoto, Mzee akaanza kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni pake. Mjukuu akaniangalia, nami nikamwangalia. Namba tatu ilikuwa imeshapatikana, na jezi yake mimi ndiye niliyeifua.

Siku ya fainali, Marungu walicheza na Miasenyi. Jua lilikuwa kali na vumbi jekundu linatuingia hadi kwenye soda. Mimi na Mzee tulikalishwa mbele kwenye viti vya plastiki vya kanisa. Alikaa upande upande, maana alikuwa na henia. Uvimbe wa kinenani ulikuwa umefika ukubwa wa limau, na kila akikohoa alikuwa anaushika kwa mkono. Daktari alikuwa amempangia kupasuliwa Alhamisi iliyofuata, na hakutuficha kitu. Alisema utumbo ukinaswa pale utaoza, na ukioza ni kwisha. Kwa hiyo hata kabla ya mpira kuanza, mimi nilikuwa tayari na woga wangu.

Wakati wa mapumziko mjukuu akasoma timu, jina moja moja, na watu wakapiga makofi. Aliposoma namba tatu, uwanja mzima ulilipuka. Mzee akainuka, akapunga kofia. Nililia, sikatai. Nilitaka kila mwanamke pale ajue huyo ni wa nani.

Kisha ile sauti ikasema, "Sasa wote tusimame, dakika moja ya kimya, tuwakumbuke mashujaa wetu hawa kumi na mmoja."

Hawa kumi na mmoja. Wengi wao walikuwa wamekufa kweli, na kamati ya mashindano ilikuwa imemwambia awakumbuke marehemu. Lakini alivyosema aliwafunga wote fungu moja.

Watu wakasimama, na Mzee alikuwa bado hajaketi. Akaweka kofia kifuani, akainamisha kichwa.

Nikamvuta koti. "Keti, Mzee!"

"Ni heshima," akaninong'oneza.

"Heshima ya nani? Unajizika!"

"Shh."

Mimi ni mtu wa kanisa. Najua jina la mtu si kamba ya kumvutia kaburini. Lakini uwanja mzima ulikuwa umenyamaza kwa ajili ya mtu aliyekuwa anapumua kando yangu, na katika kile kimya nilizisikia pumzi zake, zinaingia kwa shida, zinatoka. Soda ikanidondoka.

Baadaye nilimkamata mjukuu nyuma ya spika. "Umefanya nini?"

"Nyanya, nilijichanganya tu. Babu mwenyewe anacheka."

Kweli alikuwa anacheka. Anacheka huku ameshika kinena.

Kumbe kulikuwa na mtu aliyerekodi kwa simu. Ile video ikasambaa, na mahali fulani njiani ikawekewa picha za mishumaa. Jumatatu nilikuwa nachambua kunde nikasikia kilio kinakuja kutoka barabarani. "Kaka yangu weee! Kaka yangu!" Ni wifi yangu, dada yake Mzee, ametoka Mahoo kule Taveta, leso kiunoni na mkungu wa ndizi kichwani. Mzee ndiye aliyemfungulia lango.

Wifi akamtazama. Ndizi zikaanguka pu! Akageuka, akakimbia na umri wake wote.

"Sasa unakwenda wapi?" Mzee akamwita. "Mzigo wako umeuacha!"

Majirani walicheka mpaka wakashikilia ua. Wifi alirudishwa, akapewa maji, akamgusagusa kaka yake mashavu, naye pia akaanza kucheka. Mimi sikuweza. Niliziona zile ndizi zimelala langoni pangu, mbichi, mkungu mkubwa wa kulisha watu wa matanga. Chakula cha msiba kimefika na Alhamisi haijafika.

"Tuzipike basi, wifi," dada yake Mzee akaniambia. "Ni ndizi tu."

Ndizi zote nikawapa mbuzi.

Usingizi ulinikimbia. Kila Mzee akinyamaza kidogo nilikuwa namsukuma kwa kiwiko. Mwishowe nikafunga safari mpaka kibandani kwa mjukuu, anapouza vifuniko vya simu.

"Mtoe babu yako kwenye timu."

"Nyanya, timu imeshasomwa."

"Mtoe, uweke mwingine. Waandikie watu kwenye hiyo simu yako, leo hii."

"Nimuweke nani?"

"Yeyote aliyekwisha kufa."

Akakuna kichwa. "Marehemu wa mguu wa kushoto hatuna."

"Weka wa kulia ajifunze."

Alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. Akaandika. Nilirudi nyumbani nimepata nafuu kidogo, kama mtu aliyetuliwa ndoo moja akabaki na nyingine.

Jumatano Mzee alitoka kwa kinyozi amenyolewa vizuri, na midomo ameifunga.

"Kinyozi amenipa pole," akasema.

"Pole ya nini?"

"Ya kuachwa kwenye timu."

Hakula. Alilala ameuelekea ukuta. Nikajiambia, na anune, mradi anuna akiwa hai.

Alhamisi asubuhi, wodini, walimvika lile gauni la kufungwa mgongoni na kitanda cha magurudumu kikaja. Mzee akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Siingii."

"Unaogopa sindano, mzee wangu?" nesi akamuuliza.

"Siogopi kitu. Nimetolewa kwenye timu ya taifa, na aliyenitoa ni huyu hapa."

Nesi akanigeukia kama mimi ndiye kocha.

"Nimekutoa upone," nikamwambia. "Ile timu ni ya maiti."

"Ni wenzangu. Tulilala nao chumba kimoja, tukala sahani moja. Sasa wamekwenda karibu wote. Nani amebaki wa kusema kwamba mimi nilikuwepo? Wewe ulikuwepo. Na wewe ukisema nitolewe, basi sikucheza."

Niliviona vidole vyake kwenye kile chuma, vigumu, vina makovu ya mkonge.

"Mama," nesi akasema polepole, "daktari anangoja. Akiikosa nafasi ya leo, foleni ni ndefu."

Kwa hiyo ni hivi. Nikimrudisha, namrudisha kati ya wafu dakika ile ile anapokwenda kulazwa kwa dawa ya usingizi. Nisipomrudisha, anarudi nyumbani na limau lake, tunangoja utumbo unaswe. Nikampa nesi simu, akanibonyezea namba ya mjukuu.

"Mrudishe babu yako," nikamwambia mjukuu. "Namba tatu. Na useme yu hai. Kila ukilitaja jina lake useme yu hai, yuko Voi, amelazwa wodini anasumbua watu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, nikisikia."

Nesi akaweka sauti ya simu juu. Mjukuu akasafisha koo, akatangaza kama yuko uwanjani: namba tatu, beki wa kushoto, wa hapa hapa Taita Taveta, yu hai! Wagonjwa wakageuza vichwa. Mmoja akapiga makofi kwa mkono wenye dripu. Mzee akakiachia kile chuma, kidole kimoja kimoja, wakamsukuma ndani.

Nilibaki kwenye benchi. Mlango ukifunguliwa nasimama, ukifungwa naketi. Nilijaribu kusali, nikajikuta naitaja timu: golikipa, namba mbili. Nikifika namba tatu naruka, halafu naogopa kwa nini nimeruka, narudi naitaja, halafu naogopa kwamba nimeitaja. Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka gauni likaganda kwenye benchi.

Walipomtoa alikuwa na rangi ya majivu, midomo imekauka. Daktari alisema imekwenda vizuri. Nilimsikia, ila macho yangu yalikuwa kwa Mzee. Akafungua jicho moja.

"Namba tatu?" akauliza, sauti kama ya karatasi.

"Ni wewe."

Akafumba macho na kunyamaza. Nikamwita, hakuitika. Nikamwita tena. Nesi akasema, "Mama, ni dawa tu, mwache alale." Nilienda mwisho wa kitanda, nikainua shuka, nikamfinya kidole gumba cha mguu kwa kucha, kwa nguvu zangu zote.

Akanitukana kwa Kidawida chetu cha nyumbani, tusi refu la shamba la mkonge ambalo sikuwa nimelisikia tangu ujana wetu. Nikamfunika mguu, nikavuta kiti, nikakaa karibu na kile kidole.